Mizani Haimjui Mbebaji

Mizani haimjui mbebaji. Asubuhi mmemsikia mama yenu akimwambia baba yenu maneno hayo, baba yenu akanyamaza kimya, nanyi mkatoka mbio kuja kuniuliza yametoka wapi. Afadhali mmeuliza, maana watu wa siku hizi wanavaa methali kama nguo ya kuazima. Kaeni. Hii haikutoka mbali. Ilizaliwa hapa hapa kijijini, nami nilikuwepo.

Methali hii ilianza hivi. Ng'ambo ya ua wetu aliishi Mzee Likwena, karani wa mizani katika ghala la korosho, pamoja na mkewe Bi Somoe. Likwena alikuwa mtu wa haki mpaka anachosha. Gunia lililotiwa mawe ili lizidi uzito alilijua kabla halijashuka begani. Mwenyewe alikuwa na kilo mia na kumi, kazi ya vitumbua na kiti cha ghalani. Bi Somoe alikuwa mfupi, mcheshi, kilo sabini na mbili.

Siku moja daktari wa zahanati aliwapima wote wawili, akakuta presha imewapanda. Akawaambia wapunguze mwili. Walipofika nyumbani, Likwena akasema, "Tushindane, Mama Sikudhani. Miezi mitatu. Atakayepunguza kilo nyingi ndiye mshindi, na aombe atakacho."

"Basi mimi nikishinda, utanichotea maji mwezi mzima."

Likwena alicheka. "Na mimi nikishinda, utanipikia pilau ya kuku Ijumaa nne mfululizo."

Naam, mtu anapunguza mwili ili ale pilau. Ndivyo alivyokuwa.

Ninyi mmezaliwa mkakuta bomba, hamjui. Huku kwetu Makondeni wakati ule maji yalikuwa chini bondeni. Mwanamke alishuka alfajiri na ndoo tupu, akapanda mlima jua limeshatoka, ndoo kichwani, shingo imekakamaa. Mwanamume akionekana na ndoo alichekwa kijiji kizima.

Likwena akachukua karatasi, akaandika masharti. Wapimwe kila Ijumaa asubuhi ghalani, kabla ya kula, bila viatu. Kilo ni kilo, hakuna kupendeleana. Tena, ili mmoja asimchunguze mwenzake, kila mtu ale peke yake na wasiulizane. Hapo ndipo karani alipokosea. Watu wale walikula sinia moja tangu walipooana. Mkono wa huyu ukisimama, wa yule ulikuwa unajua.

Mwezi wa kwanza Likwena aliacha vitumbua na soda, akawa anakwenda ghalani kwa miguu. Zikamtoka kilo saba. Bi Somoe alikuwa analima na kupanda mlima tangu zamani, hakuwa na vitumbua vya kuacha. Zikamtoka mbili. Likwena akatamba mtaa mzima, akaanza hata kuuliza kuku wa nani ni mnono.

Mwezi wa pili mambo yakageuka. Bi Somoe akapungua kilo tatu kwa wiki moja, na wiki iliyofuata nyingine tatu. Mume mwingine angeuliza mke ana nini. Likwena ukarani ulimpanda kichwani. Akaikagua mizani kwa mawe yake ya kupimia, akaikuta sawa. Basi akaanza kumshuku mke.

Ijumaa hiyo nami nilikuwa ghalani na korosho zangu. Bi Somoe alikuwa bado amesimama juu ya mizani, na nilimsikia Likwena kwa masikio yangu.

"Mama Sikudhani, niambie ukweli. Siku ile ya kwanza ulifunga mawe kwenye kanga?"

 Bi Somoe akanyoosha mkono kutafuta pa kushika, akayumba, tukamdaka kabla hajafika chini.

Tukamlaza juu ya magunia. Nikamwuliza, "Shoga, umekula nini?"

"Uji kikombe."

"Leo?"

"Juzi."

Likwena akapiga magoti. "Kwa nini, mke wangu? Si mchezo tu?"

"Kwako mchezo. Wewe una kilo mia na kumi. Saba zikikutoka, vitumbua vimetoka. Mimi saba nizitoe wapi? Miaka ishirini na sita napanda mlima ule na ndoo. Shingo inaniuma hata kugeuka kitandani siwezi. Sikutaka kukushinda, Baba Sikudhani. Nilitaka mwezi mmoja nipumzike."

"Mbona hukuniomba?"

"Ningekuomba, ungenichotea?"

 Likwena akalia, karani yule, mbele ya wakulima wote, wala hakujifuta. Nami nililia, sioni haya kusema.

Mchana ule alimpikia uji, akamnywesha mwenyewe. Kisha akaichana ile karatasi, akaandika nyingine. Kila mmoja apimwe kwa mwili wake, apunguze kilo moja katika kila kumi alizonazo, polepole. Wale sinia moja. Na mmoja akiugua, wote wawili wameshindwa.

Kesho yake akaichukua ndoo, akashuka bondeni. Alipanda akipumzika mara nne, shati limelowa maji yaliyomwagika. Juu wanaume walikuwa wanamngoja.

"Karani," mmoja akamcheka, "mbona ndoo? Tumesikia wewe umepunguza kilo tisa, mkeo nane. Si mizani imekupa ushindi?"

Likwena akaitua ndoo, akajishika shingo.

"Imenipa," akasema. "Miaka yote nimekaa mbele ya mizani ile, nimeandika uzito wa kila gunia, na sijauliza hata siku moja limefika pale kichwani kwa nani. Mizani haimjui mbebaji."

 Mwezi ule alioutaka mkewe uliisha, na Likwena akaendelea kuchota mpaka bomba likaja. Bi Somoe aliniambia kwamba asubuhi ile ya kwanza alisimama mlangoni akimwona mumewe anaondoka na ndoo, asijue mikono yake aipeleke wapi.

Basi baba yenu hakunyamaza kwa hasira. Alikuwa amehesabu kazi zake, mama yenu naye akamkumbusha asichokihesabu. Mizani haimjui mbebaji.