Pampu ya Bwana Badi

Umazi alinunua pikipiki kuukuu ya matairi manne ili abebe watalii mchangani. Aliifungia mnyororo wa bodaboda, akaosha kichungi cha hewa kwa petroli, na hapo pesa zikamwishia. Bwana Badi, mwenye hoteli, alikuwa na pikipiki mpya ya aina hiyo hiyo na hakutaka mshindani.

"Kesho tupande lile tuta kubwa la mchanga," alidai mbele ya watu. "Atakayekwama amwachie mwenzake pikipiki."

Umazi alikubali. Jioni alimfuata hotelini, uso umemshuka.

"Bwana, niazime pampu. Matairi yangu yamelegea."

"Nikuazime ili unishinde? Kapulize kwa mdomo, binti!"

"Basi yako usiyajaze sana, nihurumie."

"Hee, umenikumbusha!" Badi akamgeukia fundi wake. "Jaza upepo mpaka yawe mawe!"

Asubuhi Badi alitangulia kwa kishindo. Matairi yake magumu yalichimba mchanga, yakazidi kuchimba, hata pikipiki ikazama mpaka tumboni. Umazi, aliyekuwa amepunguza upepo wa matairi yake alfajiri, alimpita taratibu. Matairi yake laini yalitandaa juu ya mchanga bila kuzama, yakamfikisha kileleni.

Umazi aliposhuka, Badi alikuwa bado anafukua kwa mikono.

"Mwongo mkubwa wewe! Si ulikuja kuniomba pampu?"

"Nilikuja, bwana," Umazi alisema, akinyoosha mkono apokee ufunguo. "Nilitaka kuhakikisha unayo."