Pimbi Asimulia Maisha Yake Chini ya Mguu wa Fisi

Paukwa!
— Pakawa!
Masikio yapo?
— Yamesimama!
Basi yafungeni kamba yasiruke, maana ngano hii naijua mimi peke yangu, kutoka hapa mpaka ukingo wa dunia.

Palikuwa na Fisi, mkubwa! Akipiga mwayo, kunguru saba wanaingia, wanageuza, wanatoka. Siku hiyo akamkuta Pimbi anaota jua juu ya jiwe. Pwa! Akamkanyaga mgongoni.

Sasa huko mlimani kulikuwa na mila: anayeliwa husimulia kwanza maisha yake. Mlaji asiposikiliza mpaka mwisho, meno yanamng'oka yote, po, po, po.

"Haya mpwa wangu, simulia. Upesi!"

Pimbi akaropoka: "Nilizaliwa, nikala majani, nikakua, umenikamata."

"Ndiyo maisha hayo? Makavu kama kwato!" Fisi akafungua mdomo.

"Bado, mjomba! Nikawaza, maisha ni nini? Nikawaza, jiwe ni nini? Nikawaza, kuwaza kwenyewe..."

"Aaa! Unanisinzisha!" Akafungua mdomo tena. Kila jino kama mchi!

Pimbi akajisemea: kufupisha kunaniua, kuwaza kunaniua. Ngoja nimtie ndani ya siku yenyewe.

"Mjomba, miaka mitatu ikapita, majani tu. Halafu ikaja ile siku ya mguu wa mbuzi."

Masikio ya Fisi yakasimama wima! "Mguu gani?"

"Tai aliudondosha. Mafuta yanachuruzika, to, to, to. Ukaangukia pale kwenye ufa wa jiwe."

"Mnono?"

"Mnono kama wewe, mjomba. Nikaunyatia... aa, kwa mdomo haielezeki."

"Nionyeshe, wewe!"

"Toa mguu kidogo basi."

Fisi akatoa mguu. Mate, chururu!

"Nikaenda hivi, nya, nya, nya. Nikainama hivi. Nikaruka hivi..."

Chwi! Pimbi yumo ndani ya ufa. Hata kucha ya Fisi haiingii.

"Halafu? Mguu uliukuta?"

"Hapa sasa ndipo pa kuwaza, mjomba. Nawaza maisha ni matamu, na yangu bado sana kuisha."

Fisi akashika meno yake. Hadithi haijaisha, ataondokaje? Akakaa. Mpaka leo amekaa, na kila asubuhi Pimbi anamwongezea kipande: leo onyesho, kesho mwaka mzima kwa pumzi moja, kesho kutwa wazo dogo la kutafuna.

Funzo: ukisimulia maisha yako, sema neno moja, funga mdomo, kalale. Ndivyo nifanyavyo mimi, mnanijua.

Ngano imefika kituoni. Ikiwa tamu, nimeipika mimi. Ikiwa chungu, ni ndimi zenu.