Ngumi ya Mavyaa

Machtelt alikuwa na mimba ya miezi saba, na picha moja ya kuchorwa kwa rangi ilikuwa imemkosesha usingizi. Ilikuwa ya marehemu mavyaa wake, mama wa mumewe, Joost. Baada ya kumzika baba mkwe, Joost aliishusha kutoka darini akaitundika sebuleni, katika nyumba yao mjini Haarlem, Uholanzi. Ilimwonyesha mavyaa angali kijana, katika gauni jeusi, ukosi mweupe umemzunguka shingo kama sahani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefumba ngumi chini ya kiuno, mbele ya giza tupu, na macho yake yalitazama papo hapo penye giza.

Kila mgeni alikuja na tafsiri yake. Mchungaji alisema ngumi ile ni uchoyo. Mchoraji wa jirani alisema ni mamlaka. Trijn, mtumishi wao, hakumung'unya maneno.

"Bibi, huyo anakamata watoto wa nyumba hii. Kwani Griet alikwendaje?"

Griet, binti yao wa pekee, alizama mferejini mwaka uliopita kabla hajatimiza miaka miwili. Maneno yale yalimchoma Machtelt moyoni.

"Joost, ichome," alimwambia mumewe. "Huyu wa tumboni simpi."

"Ni mama yangu huyo."

"Basi chagua. Mama au mtoto."

Jumamosi asubuhi, ukungu umeutanda mtaa, Joost alikoka moto uani shingo upande. Machtelt akaishusha picha mwenyewe. Ngumi ilipomkaribia uso, aliitambua. Ndivyo alivyokuwa akishika tepe za mgongoni mwa gauni la Griet, akimfundisha kutembea. Siku ile ya mferejini aliziachia kitambo tu, achague samaki kwa mchuuzi.

Akatemea kitambaa mate, akasugua giza. Weusi ukatoka kama masizi. Zikatokea tepe mbili, kisha kofia ndogo, kisha macho mawili ya mtoto wa kike yaliyomkodolea.

"Joost, ulikuwa na dada?"

Joost akaketi kwenye ngazi. "Sijapata kusikia. Ila mama alikuwa akipanda darini kila Jumamosi. Baba akituambia anahesabu mashuka."

"Alipokufa, baba yako alimfuta," Machtelt alisema huku akilia. "Mama yako hakumwachia."

Akairudisha picha ukutani, akafungua sanduku, akatoa tepe za Griet, akazifunga kwenye msumari wa picha. Baadaye Trijn aliapa kwamba ngumi imelegea. Machtelt aliiona imekaza vilevile. Mchungaji aliisoma asiielewe, na mchoraji vivyo hivyo, kwani uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.