Buibui Aliyepewa Jina la Guyo

Ndugu zangu, palikuwa na mwanamke aliyewajua buibui kama ninyi mnavyowajua mbuzi wenu. Aliitwa Talaso. Kazi yake katika jumba la makumbusho ilikuwa kuwachunguza buibui wakubwa wenye manyoya, wale wanaochimba mashimo jangwani, na kusema huyu ni wa aina hii, yule ni wa aina ile.

Siku moja aliletewa buibui mweusi, mwembamba, miguu mirefu, amekwisha kufa, yumo ndani ya chupa ya spiriti. Hakufanana hata kidogo na yule mnene wa rangi ya mchanga aliyejulikana siku zote. Talaso akatangaza: aina mpya! Akampa jina la marehemu baba yake, Guyo. Ukoo mzima ulishangilia. Mama yake aliitundika picha ya buibui yule sebuleni.

Miaka ikapita. Talaso akaenda jangwani na mumewe, Wario, kuwatazama buibui wakiwa hai. Alasiri moja wamekaa kimya kando ya shimo la yule mnene, mara akatokea yule mweusi, anakuja taratibu. Akasimama mlangoni, akagongagonga kwa miguu ya mbele. Akatulia. Akagonga tena. Mwenye shimo akatoka, akampokea.

Wario akamnong'oneza mkewe, "Mama Elema, huyu mbona kama amekuja kwa mkewe?"

Talaso akaitikia kwa kichwa. "Ndiyo. Dume na jike, aina moja tu. Nilikosea."

"Na jina la baba?"

"Nitalifuta mwenyewe." Machozi yalimlengalenga, kisha akaanza kucheka. "Mzee angekuwapo, angecheka mpaka fimbo imdondoke!"

Wakarudi kambini, wakanywa chai, moyo wake mweupe kabisa.

Mnatabasamu? Haya, mimi nawaona kutoka hapa mbele. Watu wa mlimani mmekaa kulia, wa bondeni kushoto, na katikati mmeacha njia ya kupita lori. Nani aliwaambia kuwa hao wa upande wa pili ni aina nyingine? Mlikaa mlangoni kwao mkawaona wakibembeleza watoto wao, au mliletewa habari zao zimekufa, zimefungwa chupani?

Talaso alifuta jina la baba yake mzazi. Sisi tutashindwa kufuta jina la kejeli tulilombandika jirani?

Jamani, simameni. Wa kulia, vukeni. Wa kushoto, wapisheni nafasi wakae. Leo hatuombi mpaka mchanganyike.