Kipepeo Hana Meno

Mwalimu wa darasa la nne alikuwa mkaidi kama kisiki cha mpingo. Wenzake walimpachika jina la Bi Kwanini, naye akaliitikia bila kununa.

Wao waliwakaririsha wanafunzi notisi za mwalimu mkuu: "Kipepeo ni mdudu. Kipepeo hula majani." Yeye aliweka viwavi kwenye chupa dirishani, akauliza kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ilikuwa ya macho: mnaona nini? Ya pili ya akili: kwa nini iwe hivyo? Ya tatu aliiita ya ubishi: je, tuliloambiwa ni kweli?

"Kesho mkaguzi anakuja," mwalimu mkuu alimwonya. "Darasa lako lisipofuata notisi, chaki utairudisha, ukapange vitabu stoo."

"Nitairudisha, Mkuu. Lakini uongo siwakaririshi." Alijibu kwa kiburi, ingawa roho ilimuuma. Kufundisha ndiyo kazi pekee aliyoipenda.

Kesho yake mkaguzi alisimama mbele ya darasa. "Kipepeo hula nini?"

Binti wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Samahani, mzee. Unamuulizia kipepeo, au kiwavi?"

Mwalimu mkuu alimkata Bi Kwanini jicho la kumtaka amnyamazishe mtoto. Bi Kwanini akakaza shingo. "Endelea, mwanangu."

"Kiwavi ndiye anayetafuna majani, tumemwona. Kipepeo hana meno, ana mrija. Sasa hayo majani ya kwenye notisi atayatafunaje?"

"Utovu wa adabu!" mwalimu mkuu alifoka. "Mwalimu, kuanzia leo uko stoo!"

"Nitakwenda," Bi Kwanini alijibu, "ila kwanza mtoto ajibiwe."

Mkaguzi aliinamia chupa. Kipepeo aliyetoka kwenye kifukofuko chake asubuhi ile alikunjua mrija wake, akanyonya tone la maji ya sukari aliyowekewa humo. Mzee wa watu akaduwaa.

"Miaka kumi na miwili nawapa vema walioandika majani," alisema polepole, "wala sikuwahi kuuliza. Mkuu, huyu haendi popote. Ziende stoo notisi zako."

Mwalimu mkuu alinywea. Hata hivyo macho yalimganda kwenye chupa, hadi uzalendo ukamshinda, naye akauliza. "Na huo mrija... akiruka anauficha wapi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Bi Kwanini akagonga meza kwa nguvu.

"Asicheke mtu humu! Kuuliza si ujinga."