Mama Pimbi na Sinema Tano Bora za Mwaka

Jamani, hadithi inapita!

— Ishike, isitupite!

Nikiishika, mtaisikiliza mpaka mwisho?

— Mpaka mwisho!

Hata mtoto akilia?

— Hata akilia!

Waongo wakubwa ninyi. Haya, sogeeni. Wewe uliyekalia kanga yangu, inuka kidogo. Hivyo hivyo.

Hapo kale, tena si kale sana maana sinema zilikuwepo, aliishi Mama Pimbi. Pimbi mnamjua. Ni mnyama mdogo wa majabalini, mviringo kama andazi, na mkia hana. Mama Pimbi alikuwa na mtoto mmoja mchanga jina lake Tunu, kwa hiyo wote walimwita Mama Tunu. Na Mama Tunu alipenda kitu kimoja kupita vyote, ukimtoa Tunu. Alipenda sinema.

Karibu na mto palikuwa na kibanda cha sinema. Mwenye kibanda alikuwa Nguchiro. Ndani mlikuwa na mabenchi na kioo kimoja, na nje jenereta likiunguruma, dududududu! Picha zilitoka nchi za mbali na maneno yake hakuna aliyeyajua. Basi Kasuku alisimama pembeni na kipaza sauti, akitafsiri.

"Hapa anamwambia, nitakupiga. Hapa amempiga. Hapa anasema, umeniumiza."

Nguchiro alikuwa na sheria moja: kusimulia mwisho wa sinema ni mwiko. "Atakayemsimulia mwenzake mwisho, hakanyagi hapa tena," alisema. "Anayetaka kuujua aje aone mwenyewe."

Mama Tunu hakukosa hata siku moja. Alikuja, akaketi, akamweka Tunu mapajani. Sinema ikaanza. Sinema ikanoga. Sinema ikafika pale pa kushika roho. Tunu akalia, nyaa! nyaa! Mama Tunu akatoka nje. Alipombembeleza akanyamaza, watu wakawa wanatoka.

Kesho yake akaja tena. Akaketi. Sinema ikaanza. Sinema ikanoga. Tunu, nyaa! nyaa! Mama Tunu akatoka nje.

Kasuku alimwonea huruma. Alipomwona anatoka, alipaza sauti ili amsikie kule nje. Lakini Tunu alimshinda. Mtoto yule alikuwa na koo, jamani.

Basi mwaka ukazunguka, na Mama Tunu hakuwa ameona mwisho wa sinema yoyote. Hakuna. Lakini mkimkuta mtoni anafua nepi, ndiye msemaji wa sinema.

"Mimi naweka ya kwanza *Kobe Barabarani*," anasema. "Ya pili *Harusi ya Korongo*. Ya tatu *Jini la Kisimani*. Ya nne *Mwizi wa Asali*. Ya tano *Ngumi ya Mtoni*."

"Mama Tunu," wenzake wanamuuliza, "kwani hiyo harusi ilifungwa?"

"Sijui. Niliondoka bibi harusi akiwa amekatika kiatu. Mpishi akavua ndala zake akampa. Akarudi jikoni pekupeku, mama yangu, na lile jiko la moto! Ndiyo maana nimeiweka ya pili."

"Na jini?"

"Niliitazama kwa jicho moja. Jini alikuwa anakohoa, bibi mmoja akampelekea chai. Nikatoka."

"Na mwizi alikamatwa?"

"Nilipoingia anakimbia. Nilipotoka anakimbia."

Wakacheka mpaka sabuni ikawaponyoka. Yeye mwenyewe akacheka zaidi yao. Mnanitazama mimi kwa nini? Simulizi ni ya Pimbi hii.

Lakini *Kobe Barabarani* hakuichekea. Ile ilikuwa ya kobe mama ambaye mafuriko yalimchukulia yai lake, yakalipeleka nchi ya mbali. Kobe akafunga safari kulifuata. Anatembea, anatembea, miaka inapita, anatembea. Mama Tunu aliiona mpaka kobe alipofika mbele ya nyumba moja na kunyoosha mkono kubisha hodi. Hapo hapo, nyaa! Tangu siku ile hakuwa na raha. Akipika anawaza, alifunguliwa? Akimnyonyesha Tunu anawaza, mwanawe alikuwemo?

Sasa Nguchiro alikuwa na desturi. Siku ya mwisho ya mwaka alimchagua mtazamaji mmoja azitangaze sinema tano bora, nazo zote zikaonyeshwa tena bure, moja baada ya nyingine. Mwaka huo akamchagua Mama Tunu.

"Mimi?" Mama Tunu akashangaa. "Bwana Nguchiro, mimi naona nusu nusu."

"Wengine wanaona nzima wamelala," alisema Nguchiro. "Wewe nusu unaiona kwa macho yote. Ila nikuambie ukweli, mafuta ya jenereta yamebaki kidogo. Yanatosha sinema moja tu. Usimwambie mtu, watavunjika moyo."

Moyo wa Mama Tunu ukaruka. Moja inatosha. Kobe atafunguliwa mlango!

Kumbe Kiboko naye amesikia kwamba Mama Tunu kachaguliwa.

Kiboko ndiye aliyekuwa akitusumbua, yaani akiwasumbua wao, pale kibandani. Akiingia, anaketi benchi la mbele peke yake, bwata! Benchi linalia, kreee! Walio nyuma yake hawaoni kioo, wanaona shingo. Akisikia mtu anamenya njugu, anageuka na kinywa wazi: "Na mimi!" Unammwagia zote, maana kinywa kile hakijazwi kwa moja moja. Na kila siku anaomba sinema ile ile, *Ngumi ya Mtoni*, ambamo kiboko mmoja anapiga mamba karibu mia.

Asubuhi ya siku yenyewe akamkuta Mama Tunu njiani.

"Wewe Mama Tunu."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo ya kwanza ni *Ngumi ya Mtoni*. Isipokuwa ya kwanza, nakalia jenereta."

Mama Tunu akamtazama mbele, akamtazama nyuma. Akalifikiria jenereta la maskini Nguchiro. Akamfikiria kobe na mkono wake mlangoni. Akamfikiria Tunu, ambaye saa ile alikuwa kimya kama malaika, kwa kuwa hakuna sinema.

"Mzee wangu," akasema, "nani kakuambia nitaitaja nyingine? *Ngumi ya Mtoni* ndiyo ya kwanza. Nilikuwa nakuja kwako na ombi. Tunataka uwe mgeni rasmi."

Kiboko akainua masikio yake madogo. "Mgeni rasmi? Mimi?"

"Kuna mwingine mwenye umbo la mgeni rasmi hapa?"

Kiboko akajitazama majini. Kweli hakuna.

"Nitaketi mbele?"

"Mbele ni kwa raia, mzee. Mgeni rasmi huketi nje kivulini, anasubiri kukaribishwa. Ulishawahi kuona mgeni rasmi anawahi?"

"Sijawahi."

"Ulishawahi kuona anaingia bila kupigiwa ngoma?"

"Sijawahi."

"Na ulishawahi kuona mgeni rasmi asiyebeba mtoto wa watu?"

Kiboko akafikiri. Kweli, wote hubeba. Hubeba na kutabasamu.

"Mtoto yupi?" akauliza.

"Nitakutafutia," Mama Tunu akasema, na huku anamfungua Tunu mgongoni.

"Sasa sinema yangu?"

"Mzee, kwenye sherehe nani huanza kucheza? Si watoto wa shule? Wakubwa hufika mwisho. Na sinema ni hivyo hivyo. Tunaanza na ya tano, ile dhaifu, ya kuchangamsha watu. Ya kwanza inafuata nyuma ya zote."

"Nyuma ya zote?"

"Nyuma kabisa."

"Isije ikatangulizwa hata kidogo!" Kiboko akanguruma. "Yangu iwe ya mwisho kuliko ya mwisho!"

"Itakuwa, mzee. Nakuahidi."

Mchana watu wakajaa kibandani. Siku hiyo wote waliona kioo, mpaka wakadhani kimeongezwa ukubwa. Mama Tunu akasimama mbele.

"Sinema ya tano bora ya mwaka," akasema, "ni *Kobe Barabarani*."

Kibanda kizima: "Aaah! Mama Tunu! Si uliisifu mwaka mzima?"

"Nimefikiri upya," akasema. Kumweka kobe wake chini ya wote kulimuuma kweli. Aliona kama amemkana ndugu hadharani. Kasuku akamwangalia, akaangalia nje alikoketi Kiboko, akaelewa. Akanyakua kipaza sauti: "Tunaanza na ya tano! Kaeni!"

Dududududu! Sinema ikaanza.

Mama Tunu akaketi benchi la mbele. Mapajani hana mtu. Mgongoni hana mtu. Mikono yake hakujua aiweke wapi, akaikunja kama mgeni ukweni. Kobe akatembea. Sinema ikanoga. Mama Tunu akasikiliza nje: kimya. Kobe akatembea, miaka ikapita. Akasikiliza tena: kimya. Benchi lilikuwa na joto zuri. Jenereta liliunguruma polepole, dudu, dudu, kama mtu anayembembeleza mwenzake. Kobe akafika mbele ya nyumba. Kobe akanyoosha mkono...

Koroo. Koroo. Koroo.

Naam. Alilala. Mwaka mzima hakuwa ameketi mahali peke yake, sasa mlitaka afanye nini? Aliyekuwa karibu naye alimwona, akamwegemeza kichwa begani kwake, akamwacha.

Alipozinduka, watu wanasimama. Wengine wanapangusa macho. Kioo cheusi.

"Imekwisha?" akauliza.

"Imekwisha, dada. Mwisho ule, jamani!" Wakapita wanapenga kamasi.

Mama Tunu akataka kulia mpaka sauti itoke. Amemdanganya mzee wa watu, amemkana kobe, na mlango hakuuona ukifunguliwa!

Huko nje Nguchiro, akiziruka zile tatu za katikati na kubahatisha matone ya mafuta yaliyobaki, alikuwa anamwendea mgeni rasmi na ngoma, ndi ndi ndi. "Mheshimiwa, karibu utangaze ya kwanza!"

Kiboko alikuwa ameketi vile vile, mikono miwili imekingama kifuani. Tunu alikuwa amelala katikati kama tembe ya dawa kiganjani. Tena alikuwa amemkojolea mzee, na kojo limekauka, na mzee hajajifuta ili asimtikise.

"Punguza hiyo ngoma," akanong'ona Kiboko. "Sinema bora kuliko zote ni *Ngumi ya Mtoni*. Iwasheni."

Nguchiro akavuta kamba ya jenereta. Du... du... pu. Akavuta tena. Pu. Akavuta tena. Fyuuu.

"Mafuta yamekwisha, mheshimiwa."

Kiboko akakodoa macho. Akaelewa yote kwa pamoja: kivuli, ngoma, nyuma ya zote. Akavuta pumzi, kifua kikajaa, kinywa kikapanuka mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Wanyama wakainama. Nguchiro akalikumbatia jenereta lake.

Tunu akajikunyata na kusema, "Mm."

Kiboko akafumba kinywa taratibu. Ile ngurumo akaimeza. Waliokuwa karibu waliiona ikishuka, gulu, gulu, gulu.

Mama Tunu akasogea, kichwa chini. "Mzee, nipe mtoto. Umechoka."

"Utamwamsha," akanong'ona Kiboko. "Kaa hapo. Nitakushughulikia akiamka."

Mama Tunu akakaa. Ndipo akaona kwamba ukuta wa makuti una tundu, na tundu liko sawa na jicho la Kiboko. Na chini ya jicho lile kulikuwa na njia mbili za maji.

Moyo ukaruka tena. Lakini amuulizeje? Mwiko ni mwiko.

"Mzee," akasema, "ile sinema ilikuwa ngumu kidogo mwishoni. Wengi ndani hawakuielewa. Sijui kama wewe uliielewa."

"Mimi? Nisielewe?" Kiboko akakasirika kwa kunong'ona. "Kobe alibisha. Mlango ukafunguliwa na kobe mkubwa kijana, mwanawe yule. Hakumjua mama yake, atamjuaje? Akamwambia, karibu bibi, unaonekana umetoka mbali. Akampa maji. Akamwosha miguu."

"Kobe akasema nini?"

"Hakusema. Alikuwa anamwangalia anavyomwosha. Kisha akasema, wewe mtoto, nani alikulea vizuri hivi? Nipeleke nikamshukuru. Basi. Ikaandikwa mwisho."

"Nani anasimulia mwisho hapo?" Nguchiro akapaza sauti kutoka kwenye jenereta.

"Shhhh!" Kiboko akamgeukia. "Mtoto amelala!"

Nguchiro akaondoka kwa ncha za vidole.

Mama Tunu akalia. Kiboko akalia tena, mara ya pili, akigeuza uso pembeni ili machozi yasimdondokee Tunu. Jua likawa linashuka, na hakuna aliyemshughulikia mwenzake.

Mwaka uliofuata Kiboko hakuingia kibandani hata mara moja. Alikuwa mgeni rasmi wa kila sinema, nje, kivulini, na Tunu mikononi na jicho kwenye tundu. Mama Tunu akaketi benchi la mbele. Alihudhuria zote, akalala zote. Na kila mwisho akasimuliwa kwa kunong'ona.

Mwaka ulipokwisha alitangaza sinema tano bora, na watu wakakubali kwamba hapajawahi kutokea mjuzi wa sinema kama yeye.

Hadithi yangu imechoka, inaomba kulala.

— Ilaze, tuifunike!

Na funzo lake?

— Tupe!

Funzo lake ni kwamba udanganyifu haumfikishi mtu popote. Tena mtu asisifu sinema ambayo hakuiona kwa macho yake. Na mtoto mchanga, wanangu, asipewe mtu mkubwa, mnene, mwenye tamaa na hasira za karibu. Mkimpata mmoja wa hivyo, nileteeni mimi kwanza nimchunguze.