Kwikwi Afukuzwa Shule

Paukwa!
— Pakawa!
Aliyelala?
— Mwamsheni!
Aliyeamka?
— Mpeni hadithi!

Haya, sikilizeni. Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na shule yao. Ilikuwa kichuguuni, na mwalimu wake alikuwa Korongo. Korongo huyo, jamani! Shingo ndefu, mdomo mrefu, maneno mafupi. Alifundisha amesimama kwa mguu mmoja, na hakuna aliyewahi kumwona akitabasamu.

Darasani alikuwemo Digidigi. Alikuwemo Ngiri. Alikuwemo Kobe, anayefika wenzake wakitoka. Na alikuwemo binti Fisi, jina lake Kwikwi.

Kwikwi alikuwa na akili. Adabu pia alikuwa nayo. Ila alikuwa na jambo moja: akiogopa, anacheka. Hataki, lakini anacheka. Hofu inamwingia tumboni, inapanda kifuani, inafika kooni, inatoka: hi-hi-hiii!

Mwalimu anauliza, "Kwikwi, nne toa moja?"

Jibu analo. Lakini darasa zima limegeuka kumtazama. "Hi-hi-hiii!"

"Unacheka nini?"

"Hi-hi-hi-hiii!"

Akikaripiwa, anaogopa zaidi. Akiogopa zaidi, anacheka zaidi. Mwalimu anavimba shingo, Kwikwi anacheka mpaka anakaa chini.

Sasa siku moja Mwalimu Korongo aliingia darasani kichwa kimeinama. Akasema, "Wanafunzi, mjomba wangu hatunaye. Mamba amemmeza."

Machozi yakamtoka. Yakateleza kwenye mdomo wote ule mrefu, yakafika nchani, to! to! to! Darasa likanyamaza. Tuli! Hata nzi hakupiga bawa.

Mara, kutoka nyuma: "Hi-hi-hiii!"

Lahaula! Ngiri akaziba masikio. Kobe akaingia ndani ya gamba lake.

"Nje!" akasema Korongo. "Toka! Na usirudi tena hapa!"

Kwikwi akaenda nyumbani. Njia nzima anacheka, na njia nzima machozi yanamtiririka.

Baba yake aliposikia, alishika kichwa. "Umemcheka marehemu? Aliyemezwa? Aibu gani hii! Kuanzia leo, nyumbani humu hakuchekwi!"

Basi nyumba ya fisi ikawa kimya. Baba akamfunga Kwikwi mdomo kwa ukindu ili azoee. Mama hakuweza tena kwenda mawindoni, kwa sababu nani atakaa na mtoto? Chakula kikapungua. Walikula mifupa ya juzi, kocho, kocho, kila mtu anatazama chini. Jirani yao Mama Ngiri akipita, huwashika wanawe mkono na kukaza mwendo.

Na dada yake Kwikwi, Shani, alikuwa ameposwa ng'ambo ya mto. Siku moja akaja mshenga, Mbweha. Akaketi, akakohoa.

"Baba Shani, shikamoo. Nimetumwa. Wakwe wamesikia mna mtoto anayecheka misiba. Wanasema harusi isubiri kwanza."

Shani akajifunika uso. Na Baba, mwenye nyumba ya kutocheka, akafungua kinywa: "Hi-hi-hiii! Ha-haa! Hi-hi-hiii!"

Mbweha akainuka. "Kumbe ni ukoo!" Akatimua mbio, vumbi tifu!

Shani akalia, "Baba! Harusi yangu inavunjika, wewe unacheka!"

Mama akamtazama mumewe. "Baba Shani, ulifurahi?"

"Nifurahi nini, mke wangu? Moyo ulinidondoka! Niliogopa!"

"Uliogopa, ukacheka."

"Ndiyo."

"Na mwanao je? Kuna hata mmoja wetu aliyemuuliza?"

Baba akainuka. Akaenda mwenyewe kuufungua ule ukindu.

Asubuhi Mama akamshika Kwikwi mkono, wakaenda kichuguuni. Korongo akawaona. Akanyoosha shingo, ikapanda, ikapanda, ikakaribia mawingu.

"Mama, nilishasema. Sheria ni sheria."

Mama alikuwa amepanga maneno mazuri njia nzima. Akafungua kinywa ayatoe. "Hi-hi-hiii!"

"Hata wewe!"

"Hi-hi-hiii! Mwalimu, samahani... hi-hi... nisikilize..." Machozi yanamwagika kifuani, magoti yanagongana, ko! ko! ko! "Sikucheki! Hi-hi-hiii! Ninaogopa! Kwetu sisi hofu hutoka hivi!"

Darasa likachungulia. Digidigi akanyoosha mkono. "Mwalimu, ni kweli. Siku tulipofukuzwa na nyuki, Kwikwi alicheka kutoka hapa mpaka mtoni. Na nyuki walimuuma kuliko sote."

Korongo akayatazama yale magoti yanayogongana. Shingo ikaanza kushuka, kidogo kidogo, mpaka macho yake yakawa sawa na macho ya Kwikwi.

"Kwikwi," akasema polepole, "siku ile uliogopa nini?"

"Nilikuona unalia, Mwalimu. Sikujua walimu nao hulia."

Korongo akameza mate. Kwenye shingo ile, mate yalichukua muda kufika. Kisha akasema, "Nilipaswa kukuuliza siku ileile. Nenda ukakae mahali pako."

Kwikwi akaingia, na wenzake wakamsogelea.

Mama alipomweleza na habari za harusi, siku hiyohiyo Korongo akaruka ng'ambo ya mto, akaongea na wakwe. Harusi ikafungwa. Bwana harusi alicheka tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyemuuliza sababu.

Lakini mambo hayakurudi yote, jamani. Siku zile Kwikwi alizofungiwa nyumbani, wenzake walifundishwa kugawanya. Yeye hakuwepo. Digidigi alijaribu kumfundisha, wapi! Somo likampita, na wanawe hakuwa na la kuwafundisha. Ndiyo maana mpaka leo fisi akigawa nyama, fungu lake huwa kubwa na lako hulioni. Msimwite mroho. Alikosa kipindi.

Basi, wakubwa kwa wadogo, funzo ni hili: mtoto akifukuzwa shule hatoki peke yake, nyumba nzima hutoka naye. Kabla hujamfungia mlango, muulize ana nini.

Hadithi yangu imekoma papo hapo. Aliyeipenda aende nayo kwao, asiyeipenda aniachie, nitampa mwingine.